Joka la Gigabaiti Kumi na Nne

Taipei, 6 Januari 2025

Mwanangu Chun-yao,

Uhali gani huko juu mawinguni? Nakuandikia kwa kalamu, kazi ambayo sijaifanya tangu nilipoacha shule, kwa sababu mtawa aliyepokea simu yangu alinieleza, kwa sauti ya mtu aliyeamshwa, kwamba wanafunzi wa mwaka wa kwanza huacha simu zao langoni na jamaa zao wanaruhusiwa kuandika barua. Nikamuuliza, je, akipatwa na jambo? Akasema atapatwa nalo kwa utulivu. Basi nimenunua stempu.

Huku tu wazima. Duka liko palepale chini ya ngazi za soko la kompyuta, na jirani yangu wa nyaya za chaja bado ananiibia wateja kwa kuwapa pipi. Babu yako yuko kwangu tangu mwezi uliopita. Amekuja kutoka Yunlin kutolewa mtoto wa jicho. La kulia limeshafanyiwa upasuaji, la kushoto linangoja zamu yake. Anakula wali wangu wa nyama ya nguruwe, anasema chumvi imezidi, anaongeza sahani. Tambuu nimempiga marufuku ndani ya nyumba, kwa hiyo anatafunia kwenye ngazi, na mwenye jengo alidhani kuna mtu amechinjwa pale. Vikaragosi vyake vimelala kwenye masanduku tangu sikukuu ya mwaka jana ya Mazu, mungu wetu wa kike wa bahari, na hilo sitaki uniulize. Hakutaji. Nakuambia mapema ili usipoteze stempu kwa kuniuliza.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Nina mteja, mzee mmoja mkaidi kama mlango uliovimba kwa mvua. Ana onyesho hekaluni siku ya kuzaliwa kwa Mazu, Aprili ishirini, na nyuma ya jukwaa patawekwa skrini kubwa ya taa ili joka liruke humo. Joka analo tayari, limo kwenye diski aliyoniletea imefungwa kwa gazeti. Kompyuta nimeshamuundia. Kilichobaki ni kadi ya michoro, na hapo ndipo nimekwama, mimi Liao Su-yueh niliyewauzia kadi watu ambao sasa wana wajukuu.

Zimebaki mbili mezani, na bei zake zimeachana kwa sahani ya wali tu. Ya boksi jekundu ina kumbukumbu ya gigabaiti kumi na mbili, lakini njia yake ya kupitishia data ni pana, biti 192, na ina haraka ya mtu anayedaiwa. Ina feni tatu na inakula wati 250. Ya boksi jeupe ina gigabaiti kumi na sita, ila njia yake ni nyembamba, biti 128. Ina feni mbili na inakula wati 165 tu. Nikizipima kwa mchezo wa vita, nyekundu inatoa picha 140 kwa sekunde, nyeupe 112. Hapo hata jirani wa pipi angejua la kuchagua.

Lakini nilipoweka joka kwenye nyekundu, liliruka vizuri, likatema moto vizuri, kisha likageuza kichwa kuonyesha ubavu wa kushoto, na hapo likashikwa na kwikwi. Nikarudia, likakwama palepale. Mteja akaniangalia kana kwamba nimemuuzia samaki wa juzi.

Wewe ulikuwa mpimaji wangu wa kadi kabla hujaanza kupima pumzi zako. Nipe akili.

Shangazi yako,
Su-yueh

Doa hilo pembeni ya karatasi ni mafuta ya nguruwe. Usilirambe, utavunja kanuni.

*

Milimani, Nantou, 19 Januari 2025

Shangazi mpendwa,

Barua yako imenifikia ikiwa imefunguliwa, kwa sababu hapa kila barua husomwa na mtawa wa posta. Ameniuliza kwa upole samaki wa juzi ni nini hasa. Amani iwe nawe, na mwenye jengo, na hata jirani wa pipi.

Mimi ni mzima. Nimenyolewa. Kichwa changu, sikujua, kina kona. Tunaamka kabla ya ndege, tunafagia majani, tunakaa kimya, tunakula kabichi, tunafagia yale majani yaliyoanguka tulipokuwa tukila kabichi. Mwezi wa sita Mzee Mkuu atatuuliza mmoja mmoja kama tunabaki kwa kiapo au tunarudi nyumbani. Nina amani sana. Nimeshaachana na mambo ya dunia, na kadi za michoro ni mambo ya dunia, kwa hiyo sidhani kama inafaa nikujibu swali lako.

Ila kwa kumhurumia mteja wako, neno moja. Kwikwi ile si ya haraka, ni ya kumbukumbu. Kadi ya gigabaiti kumi na mbili ni mpishi mwepesi mwenye meza ndogo: vitu vikizidi meza, inabidi akimbilie stoo kila anapohitaji kitunguu, na wakati anakimbia, chakula kinangoja. Meza ya nyekundu inajaa pale joka linapogeuka. Upana wa njia haumsaidii mtu ambaye kitunguu chake kiko stoo. Picha 140 za mchezo wa vita hazikuambii lolote, kwa sababu mchezo ule umetengenezwa na watu wenye adabu wanaojua kubana mafaili. Nyeupe itatoa picha chache, lakini zitafuatana, na mtazamaji hahesabu picha, anaona tu kukwama. Halafu kuna umeme. Hekaluni mtakuwa kwenye jenereta. Muuza soseji naye atachomeka jiko lake humo kwa siri, kama kila mwaka. Kati ya wati 250 na 165 kuna jiko zima la soseji.

Kwa hiyo nyeupe. Lakini niambie: hilo faili lina ukubwa gani? Nyuzi joto zilifika ngapi? Mlitumia programu ya mwezi gani? Je, kwikwi inaanza kichwa kikigeuka au ubavu ukionekana? Sio kwamba nina hamu. Nauliza tu.

Mtawa wa jikoni, ambaye mpwa wake anacheza michezo ya kompyuta, anauliza pia.

Macho ya Babu yakoje? Nauliza kwa sababu kanuni inatutaka tuwatakie afya viumbe wote.

Chun-yao

*

Taipei, 4 Februari 2025

Mwanangu mwenye kichwa cha kona,

Heri ya mwaka mpya wa kalenda ya mwandamo. Huku tumeusherehekea kwa kelele zinazotakiwa. Babu yako aliwasha udi mbele ya wazee waliotangulia, akapanga vyakula, kisha akapakua bakuli moja zaidi la wali wa nyama na kuliweka upande uliokuwa unakaa wewe. Nilipomtazama akasema amehesabu vibaya, akavuta kiti na kulila yeye. Jicho la kushoto nalo limeshapona. Sasa anaona kila kitu, na nyumba yangu imegeuka kuwa chafu ghafla.

Nimekusikia, nikaweka nyeupe. Kwanza majibu ya maswali yako, wewe usiye na hamu. Faili ni gigabaiti kumi na nne na ushee. Kwikwi inaanza ubavu ukionekana. Programu ni ya mwezi uliopita. Na nyuzi joto ndizo zinazonitia wazimu.

Mara ya kwanza nyeupe ilipeleka joka mwanzo hadi mwisho bila kukwama, laini kabisa, nikasema mtoto wa kaka yangu hata akila kabichi bado ni mtu. Mteja alikuwepo, akakohoa tu. Siku iliyofuata nikaipima tena, na kila siku baada ya hapo, na sasa inaanza vizuri, inapasha, kisha inachoka. Picha zinashuka kutoka 70 hadi 25, joka linaruka kama limekula sikukuu nzima peke yake. Joto linafika nyuzi 88 na kadi inajipunguza kasi yenyewe ili isiungue. Nimebadilisha dawa ya kupoza, nimesafisha feni, nimebadilisha waya wa umeme. Nikairudisha nyekundu nione: nayo sasa inapasha kupita kiasi, na kwikwi yake iko palepale. Kadi mbili zimekuwa wagonjwa duka moja. Mteja anasema nyeupe ina kumbukumbu kubwa na akili ndogo, na amenipa hadi mwisho wa Machi, la sivyo anarudi kwenye shuka na taa za karatasi kama zamani, na joka libaki kwenye gazeti lake.

Usiniambie habari za pakiti ya bisi, ile ambayo kila mtu kisiwani huiweka juu ya mashine ili isiharibike. Pakiti ipo. Mteja aliileta mwenyewe siku ileile ya kwanza, nyeupe ilipomaliza kupeleka joka, ile ya bisi za nazi, ya kijani kama taa ya mashine nzima, si ya manjano, na tarehe yake haijapita. Aliiweka juu ya mashine kwa mikono miwili na kuiambia mashine ikae kwa adabu. Kwa hiyo upande wa ibada tumekamilika. Tatizo ni la kidunia.

Nijibu upesi.

Su-yueh

*

Taipei, 2 Machi 2025

Chun-yao,

Sijapata jibu. Nimeuliza posta, wamesema barabara yenu haijaporomoka. Nimepiga simu, yule mtawa wa usingizi akasema mko kwenye ukimya. Nikamwambia ukimya naujua, ninaishi na babu yako.

Nyeupe bado inachoka. Jana mteja alikaa mbele ya ile mashine tangu nilipofungua duka hadi nilipofunga. Sikumfukuza.

Kama nimekukera kwa jambo, liseme. Kama hujakereka, ni kadi ipi?

Su-yueh

*

Milimani, Nantou, 21 Machi 2025

Shangazi,

Tulikuwa kwenye mfungo wa ukimya tangu katikati ya Februari. Hatusemi, hatusomi, hatuandiki, na barua zinalala kwenye kikapu cha mtawa wa posta. Leo amenipa zako mbili kwa pamoja, na jinsi alivyonitazama, nadhani alishazisoma na yeye pia alikuwa anangoja jibu.

Nitaanza na rahisi. Tatizo lako ni pakiti.

Nimefagia mchana kutwa nikiwaza nyuzi 88, Mungu wa rehema anisamehe. Kadi nzuri, dawa mpya, feni safi, na joto linapanda kwa kadi zote mbili. Basi ugonjwa si wa kadi, ni wa nyumba ya kadi. Kitu gani kiliingia kati ya siku ya kwanza, nyeupe ilipokuwa nzima, na siku ya pili? Umeniandikia mwenyewe. Kasha unalouza tangu nikiwa hapo dukani lina tundu la kutolea hewa moto juu, na mteja wako ameilaza pakiti ya bisi juu ya tundu. Ameiziba pua mashine kisha akaiambia ikae kwa adabu. Wewe hukuiona kwa sababu hakuna mtu katika kisiwa hiki anayethubutu kuisogeza pakiti ya mwenzake, na sikulaumu, mimi pia ningesafisha feni mara kumi kabla ya kuigusa. Isogeze. Iombe radhi kwanza. Isimamishe ubavuni, ishike kwa gundi ya karatasi. Nyeupe itatulia kwenye nyuzi 65 na picha 70, na hiyo ndiyo kadi yako.

Sasa gumu.

Mchoraji yeyote mwenye akili akitengeneza joka huchora ubavu mmoja, kisha anaunakili upande wa pili. Faili linakuwa nusu. Joka la namna hiyo lingekaa kwenye kadi nyekundu na nafasi ingebaki. Joka lako linakwama ubavu wa kushoto ukionekana, kwa sababu hapo kadi inapakia magamba mapya kabisa ambayo hayafanani na ya kulia. Ni mpumbavu mmoja tu Taiwan nzima aliyefanya hivyo. Alifanya hivyo kwa sababu joka la kitambaa kwenye sanduku la babu yake liliungua ubavu wa kushoto kabla hajazaliwa, na babu alilishona magamba mengine kwa vipande vya gauni la harusi la bibi, na mpumbavu huyo alitaka kila kipande kionekane.

Ni joka langu, Shangazi. Mteja wako yuko jikoni kwako anasema chumvi imezidi.

Umenificha miezi mitatu, na mimi nimekuambia nimetulia. Sijatulia. Nilitumia karibu mwaka mzima kwa joka lile, na mwaka jana, mbele ya watu wote wa mji wetu, lilipoanza tu kugeuza kichwa, Babu alitoa mkono wake ndani ya kikaragosi, akatembea nyuma ya jukwaa na kung'oa plagi. Kisha akarudi na kuendelea na onyesho kama mtu aliyekwenda kufunga dirisha linalopigapiga. Hakuniambia neno. Nilikaa chini ya jukwaa nimeshika waya. Wiki iliyofuata nilikuwa hapa, nanyolewa. Kila mtu alidhani nimepata wito.

Kwa hiyo niambie wewe, maana yeye hatasema. Alilizima mbele ya watu. Sasa analitakia nini?

Chun-yao

*

Taipei, 27 Machi 2025

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa. Wateja wawili walipita nikawaambia duka limefungwa wakati taa zinawaka.

Kwanza pakiti. Niliwasha udi kidogo, nikaiambia samahani, nikaisogeza. Nyuzi 64. Picha 72. Joka likageuza kichwa kushoto, magamba yote yakaja kwa pamoja, na mimi niliyekwisha kuona kila kitu kinachotembea kwenye skrini nikajikuta nimeshika mdomo. Kile kipande cha gauni karibu na bega, chenye ushanga, nilikuwa nimekisahau. Mama aliniruhusu nikishone mimi. Kadi nyekundu nimemuuzia kijana anayecheza vita, na ameniletea chai ya maziwa kunishukuru. Si kadi mbaya ile, ilikuwa tu haina mahali pa kuweka bibi yako.

Nimekuficha, ndiyo. Ningeandika tangu mwanzo kwamba ni Babu, ungenijibu kwa mistari miwili ya amani na rehema na kufunga bahasha. Nakujua. Njia pekee ya kukufanya uandike kurasa nne ni kukuambia kadi inapasha.

Uliuliza analitakia nini. Nitakuambia nilichokiona, maana yeye kwa kweli hatasema. Baada ya jicho la kulia kutolewa bandeji, alikaa siku mbili akitazama vitu. Alitazama sufuria, akatazama mikono yake, akatazama kalenda ya benki kwa muda mrefu sana. Siku ya tatu akaniletea ile diski ndani ya gazeti, akataka nimwonyeshe ile takataka ya mtoto. Nikamwekea kwenye skrini ya dukani. Akasogea mpaka pua ikagusa kioo. Joka likapita, likageuka, akanyoosha kidole kwenye ubavu wa kushoto, akahesabu vipande kimya kimya kama anavyohesabu vikaragosi akivirudisha sandukuni. Kisha akaniambia, "Nilidhani ni taa."

Ndivyo alivyosema, Chun-yao. Mwaka jana macho yalikuwa yameshafunga ukungu na hakumwambia mtu, kwa sababu mcheza vikaragosi asiyeona hapewi kazi. Alichokiona nyuma ya mgongo wake ni mwanga mkali tu unaovimeza vikaragosi vyake, watu wakipiga kelele, na yeye hajui wanapigia nini kelele. Kwa hiyo aliuzima. Hakujua ulichora nini. Hakujua ni mkewe.

Kukuomba radhi hatakuomba. Akiomba radhi nitamrudisha hospitali wakamwangalie upya. Lakini amevifungua vikaragosi vyote na kuvipangusa, na anatafuna tambuu mara mbili ya kawaida.

Programu ya joka mimi siijui kuiendesha. Najua kuuza kadi. Onyesho ni Aprili ishirini. Sikuombi kitu.

Su-yueh

*

Milimani, Nantou, 6 Aprili 2025

Shangazi,

Nilichukua barua yako hadi mtoni na sikurudi mpaka walipoanza kuniita kwa kengele. Nililia, na sioni aibu kukuandikia hivyo. Mwaka mzima nimekaa nikiitazama hasira yangu jinsi wanavyotufundisha, nimeipa majina yote, kumbe ni mtoto wa jicho.

Nilikwenda kwa Mzee Mkuu kuomba ruhusa. Niliandaa hotuba ndefu kuhusu heshima kwa wazee. Akanikatiza, akauliza, "Hatimaye ni kadi ipi?" Kumbe mtawa wa posta alishawasimulia wote. Nikamwambia nyeupe. Akasema naye alidhani nyeupe, kwa sababu ya kumbukumbu, kisha akanipa ruhusa ya siku ya sikukuu na kurudi kesho yake.

Nitakuja kwa masharti, na umsomee Babu kwa sauti. Nitakaa chini ya jukwaa na mashine. Sitatoka mbele. Asinisemeshe kabla ya onyesho, maana nitabonyeza vibaya. Na asiiguse ile mashine, wala plagi, wala waya, wala pakiti. Pakiti ataiweka mtu anayejua tundu la hewa liko wapi. Huo ni utaratibu na hauna mjadala.

Niletewe chakula kisicho na nyama. Kama kutakuwa na wali wako jirani, nitaketi upande ambao upepo unatokea.

Chun-yao

*

Taipei, 24 Aprili 2025

Mwanangu Chun-yao,

Natumaini ulifika salama na kwamba hawakukunusa. Ulisema umekaa upande unakotoka upepo, lakini mimi ndiye niliyeosha bakuli, na lilikuwa safi kupita uwezo wa paka.

Watu bado wanauliza habari zako. Muuza soseji aliamini umeletwa kuibariki jenereta, na alikuwa anaogopa kuchomeka jiko lake mbele ya mtawa, kwa hiyo mwaka huu umeme ulitosha. Hiyo peke yake ilifaa nauli ya basi.

Wewe ulikuwa chini ya mbao, umeikumbatia kompyuta, hukuona kitu. Ulichosikia ni kwamba pale joka lilipogeuka Babu alinyamaza, na najua ulivyofikiri, kwa sababu nilikuona ukiifunika plagi kwa mikono yote miwili. Onyesho lilipoisha yeye akakuambia "Umekonda," wewe ukamwambia "Nakula kabichi," na mkaachana hivyo, mabingwa wa mazungumzo. Kwa hiyo kazi ya kukuambia ni yangu.

Joka lilipogeuza kichwa, yule jenerali wake, kikaragosi anachokipenda kuliko watoto wake, alikuwa katikati ya vita. Babu akamsimamisha. Akamgeuza, Chun-yao. Akamgeuza akawapa watu mgongo, uso kwenye skrini. Nimekulia chini ya jukwaa lile na sijawahi kumwona akigeuza kikaragosi mgongo kwa watazamaji. Alimpiga mwanafunzi wake kofi kwa kosa hilo. Jenerali akapiga magoti, akatazama juu, akabaki hivyo mpaka ubavu wote wa kushoto umepita, kipande kwa kipande. Watoto walipanda juu ya viti waone. Bibi mmoja mstari wa mbele akasema kwa sauti, tazama, ameona kitu. Joka lilipokwenda ndipo alipomgeuza tena na kuendelea na vita.

Nilitaka ujue hivyo. Mwezi wa sita Mzee Mkuu akikuuliza, mjibu utakavyo. Nywele au upara, mimi nitanunua stempu.

Jambo moja la kazi, kisha nifunge. Babu amerudi Yunlin jana na kompyuta yake. Kabla ya kuondoka alitaka pakiti mpya, kwa sababu ile ya zamani imeshafanya kazi yake na ina aibu ya tundu la hewa. Tukaenda dukani. Alisimama mbele ya rafu na macho yake mapya, akasoma tarehe ya kila pakiti ya kijani, moja moja, mpaka mwenye duka akaja kuuliza kama tunatafuta sumu. Hatimaye akachagua moja, nikaiweka mimi ubavuni kama ulivyoagiza. Yeye hakugusa. Alisimama mbali, mikono nyuma, akasema nikufikishie kwamba utaratibu ni utaratibu, yeye amekatazwa kuisogeza, na pakiti hiyo inaisha muda wake mwezi wa tatu mwakani. Sikukuu ya mwakani, kwa kalenda ya mwandamo, inaangukia mwezi wa tano. Pakiti iliyopita tarehe haiwezi kukaa juu ya mashine, hilo hata watawa wanalijua. Itabidi aje mtu anayejua tundu liko wapi.

Zilikuwepo zinazoisha mwezi wa sita mwakani. Nilimpa mkononi. Akazisoma, akazirudisha kwenye rafu.

Shangazi yako,
Su-yueh